Nani Ataila Plastiki Iliyozama Shambani?

Mwaka 2004 Richard Thompson na wenzake huko Uingereza walipoandika juu ya vipande vidogo vya plastiki vinavyopotelea majini, macho ya dunia yalielekea baharini. Ikapita miaka 8 kabla Matthias Rillig wa Chuo Kikuu Huria cha Berlin hajauliza swali ambalo mkulima yeyote angeweza kuliuliza mapema zaidi: na zile zilizo udongoni je? Tangu hapo majibu yamekuja mfululizo, na hayafurahishi. Desemba 2021 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba uzalishaji wa mazao na mifugo duniani unatumia tani milioni 12.5 za bidhaa za plastiki kila mwaka. Likaonya pia kwamba udongo umebeba chembe nyingi za plastiki kuliko bahari.

Kipande cha plastiki kisichozidi milimita 5 ndicho kinachoitwa maikroplastiki. Kwetu Afrika Mashariki hakisafiri mbali kufika shambani. Kinatoka kwenye viriba vya miche vinavyochanwa na kuachwa pembeni ya shimo, kwenye mipira ya umwagiliaji wa matone iliyopasuka, kwenye nailoni ya kitalu nyumba iliyoliwa na jua hadi inavunjika ukiigusa, kwenye kamba za kufungia nyanya na mifuko ya salfeti inayochomoka uzi mmoja mmoja. Zaidi ya yote kinatoka kwenye mboji na samadi iliyochotwa jaani pamoja na kila kilichotupwa humo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Ni hatua za kupongezwa. Lakini marufuku ya Tanzania ilivisamehe vifungashio vya plastiki vya sekta ya kilimo, na shamba likabaki lilivyokuwa.

Sasa inatangazwa dawa. Inasemwa kwamba bakteria na kuvu wanaokula plastiki wakipewa makazi ndani ya baiocha, yaani mkaa unaotengenezwa kwa mabaki ya mimea kwa ajili ya udongo, wataisafisha ardhi pole pole huku mazao yakiendelea kukua. Wapo wanaoiamini dawa hiyo kwa moyo wote, na wapo wanaoiona ni njia ya kukwepa kazi ngumu. Nimeupanga ubishi wao kwa sauti nne ambazo nimezitunga mwenyewe: Mkulima, mama mwenye bustani ya mboga pembezoni mwa Dar es Salaam, Mtafiti wa vijidudu, Bibi Shamba wa kata, na Fundi Mboji, kijana anayekusanya taka za sokoni na kuzigeuza mbolea. Watu ni wa kutunga. Tafiti wanazozitaja ni za kweli.

MKULIMA: Karibuni. Kabla hamjaanza, shikeni huu udongo. Nimeuchota kwenye tuta la mchicha baada ya mvua ya jana. Uelekezeni juani. Huu uzi wa buluu ni wa salfeti. Hiki kinachong'aa ni nailoni, imekuwa kama gamba la kitunguu. Hiki chekundu kilichokunjika sikijui kilikuwa nini. Huo ni udongo wa kiganja kimoja, na hivyo ni vile tu ninavyoviona kwa macho yangu ya uzee. Dokta, umesema una vijidudu vinavyokula haya. Nataka kujua kama vinakula kweli, au vinanitafunia na kuniachia makombo.

MTAFITI: Shikamoo, Mama.

MKULIMA: Marahaba, mwanangu. Haya, nijibu.

MTAFITI: Wanakula, ila inategemea plastiki ipi. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walimtangaza bakteria waliyemkuta karibu na kiwanda cha kurejeleza chupa katika mji wa Sakai, wakamwita Ideonella sakaiensis kwa jina la mji huo. Anaishi kwa kula PET, ile plastiki ya chupa za maji. Kimeng'enya chake cha kwanza kinaukata mnyororo wa plastiki, cha pili kinamalizia vipande, na mwisho wake unakuwa chakula chake. Kipande chembamba cha PET kiliisha kwa wiki 6 hivi kwenye joto la nyuzi 30, na joto hilo wewe unalo hapa bila kulilipia umeme. Tena tusidhani haya ni ya Wajapani peke yao. Mwaka 2024 wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, walieleza kuhusu mabuu ya mbawakawa mdogo waliowakuta Kenya, wanaotafuna polistirini, ile plastiki nyeupe nyepesi ya kufungia vyombo. Tumboni mwao kuna bakteria wanaosaidia kuivunja. Mabuu hao walipochanganyiwa plastiki na pumba walistawi kuliko walipopewa plastiki tupu.

BIBI SHAMBA: Nikukatishe hapo, Dokta. Umetutajia chupa ya maji na boksi jeupe la televisheni. Kwenye matuta ya Mama mzigo mkubwa si huo. Kiriba ni polithini. Mpira wa matone ni polithini. Salfeti na kamba ni polipropilini. PET ina viungo vya esta katika mnyororo wake, na viungo vya namna hiyo vimo pia kwenye mafuta na kwenye ngozi laini ya majani. Bakteria wamekuwa wakivikata tangu enzi na enzi, kwa hiyo haishangazi kwamba mmoja wao amejifunza kukata chupa. Polithini haina mlango huo. Ni kaboni imeshikana na kaboni, maelfu kwa maelfu, na mnyororo wenyewe ni mrefu mno kupenya ukuta wa bakteria. Ann-Christine Albertsson wa Sweden aliitia alama ya mionzi kaboni ya polithini ili ajue inakwenda wapi, akaifuatilia kwa miaka 10. Ile iliyoanza kwa kupigwa mwanga wa urujuanimno ilitoa chini ya asilimia 0.5 ya kaboni yake kama hewa ukaa. Ile ambayo haikupigwa, chini ya asilimia 0.2.

MKULIMA: Miaka kumi, nusu ya sehemu moja kati ya mia. Kwa mwendo huo kipande hiki cha nailoni kinataka miaka elfu mbili.

MTAFITI: Mwendo haubaki ule ule, Mama. Polithini ikishaunguzwa na jua huingiwa na oksijeni, minyororo yake inakatika kuwa mifupi, na hapo bakteria wanapata pa kushika. Tena kipande kikigawanyika, sehemu ya kushambuliwa inaongezeka. Mwaka 2018 Esperanza Huerta Lwanga na wenzake waliwatoa bakteria kwenye utumbo wa mnyoo wa ardhini, mnyoo kama hawa ulionao hapa, wakawaweka pamoja na chembe za polithini. Chembe zikapungua ukubwa ndani ya wiki chache.

BIBI SHAMBA: Zikapungua ukubwa! Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kipande cha milimita 2 naweza kukiokota. Kikiwa vipande elfu visivyoonekana, nani atakiokota?

Naomba niingie kati, maana hapa ndipo ubishi wote ulipofungwa. Mtu anaposema kijidudu fulani "kimevunja" plastiki, anaweza kuwa ameona moja kati ya mambo kadhaa tofauti. Huenda uzito umepungua. Lakini plastiki hutiwa vilainishi na viungio vingine kiwandani, na bakteria wanaweza kuvila hivyo wakaiacha plastiki yenyewe. Huenda hadubini imeonyesha mashimo juu ya plastiki. Hayo ni makovu, si kifo. Huenda idadi ya chembe zinazohesabika imeshuka. Lakini chembe iliyokuwa ndogo kuliko uwezo wa kipimo inahesabika kama imekwisha wakati ipo. Ushahidi unaotosha ni mmoja: kaboni iliyokuwa ndani ya plastiki ionekane ikitoka kama hewa ukaa, au ionekane imekuwa sehemu ya mwili wa kijidudu. Inawezekana kabisa kuupata. Mwaka 2018 watafiti wa Zürich, Uswisi, waliitia alama kaboni ya PBAT, plastiki inayotumika kutengeneza matandazo ya kuoza, wakaiweka udongoni kwa wiki 6. Waliikuta ile kaboni katika hewa ukaa, na pia ndani ya nyuzi za kuvu waliokuwa wameitawala plastiki. Kipimo cha namna hiyo ndicho ninachokidai kwa kila anayekuja na kijidudu chake, na nakidai kwa sababu anayetangaziwa dawa ni mtu anayelisha watoto kwa tuta hilo moja.

MTAFITI: Sikatai kipimo hicho. Ila tusisahau kwamba hatuzungumzii bakteria peke yake. Ndiyo maana kuna baiocha.

MKULIMA: Mimi mkaa naujua wa kupikia.

FUNDI MBOJI: Mama, huu unatofautiana na ule kidogo. Nachimba shimo lenye umbo la koni, pana juu na jembamba chini. Nawasha moto chini, natupia magunzi makavu ya mahindi tabaka kwa tabaka. Moto unakaa juu, unakula hewa yote, kwa hiyo magunzi ya chini yanakosa oksijeni na yanakuwa mkaa badala ya majivu. Kazi ni kuangalia. Ukiona juu panaanza utando mweupe wa majivu, unaongeza tabaka jingine. Mwisho unaumwagia maji mengi hadi unyamaze kabisa. Halafu usiupeleke shambani ukiwa mbichi. Mkaa mbichi una njaa, unanyang'anya naitrojeni ya udongo na mboga zinakuwa za njano. Naulaza kwanza kwenye mboji au naulowesha kwa mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji, ushibe.

MTAFITI: Umeeleza vizuri kuliko mimi. Sasa chukua punje moja ya mkaa huo uitazame kwa hadubini. Ni vyumba vitupu, mabaki ya mishipa ambamo mmea ulipitishia maji. Bakteria anayemwagwa tu udongoni anakauka, anachomwa na jua, analiwa na vijidudu wakubwa kuliko yeye. Ndani ya vyumba vile ana unyevu, ana chumvichumvi, na adui yake ni mkubwa mno kuingia. Halafu uso wa baiocha unazinasa chembe ndogo za plastiki. Watafiti wa Manchester mwaka 2020 walipitisha maji yenye chembe za polistirini za maikromita 10 kwenye kichujio cha mchanga kilichotiwa baiocha, na zaidi ya asilimia 95 zilinaswa. Kwa hiyo mlaji na chakula chake wanawekwa chumba kimoja. Hata kama kula kwenyewe ni polepole, chembe zilizonaswa hazitembei kwenda kisimani wala kwenye mizizi.

BIBI SHAMBA: Nakubaliana na wewe kuhusu vyumba, na nakubaliana kuhusu kunasa. Lakini jaribio ulilolitaja lilikuwa la kuchuja maji, Dokta, kwa vidonge vya mviringo vilivyonunuliwa vikiwa safi na vyenye ukubwa mmoja. Nailoni ya Mama ni chafu, imechakaa, ina pembe, imepakwa utelezi wa bakteria wengine. Pili, wakulima wameuziwa vijidudu vya kila aina kwenye chupa. Bakteria uliyemlea maabara kwa chakula kimoja, ukimwachia kwenye udongo wenye sukari za mizizi, majani yanayooza na mabilioni ya wenyeji waliomtangulia, kwa nini ahangaike na polithini? Atakula kilicho laini kama wenzake, au atakufa. Jambo la tatu linanihusu mimi ninayepaswa kupima. Ili kuzihesabu chembe za plastiki, tunauchanganya udongo na maji ya chumvi nzito ili plastiki ielee na mchanga uzame. Baiocha nyepesi inaelea pamoja nayo, ni nyeusi, na haiyeyuki kwa dawa tunazotumia kuondoa mabaki ya mimea. Ukishajaza mkaa shambani, utajuaje kama plastiki imepungua au imefichwa?

MTAFITI: Hilo la kupima ni tatizo la kweli. Linatutesa hata sisi.

MKULIMA: Mnaongelea mizizi. Je, vinaingia kwenye mboga?

MTAFITI: Vidogo sana, ndiyo, vimeonekana kuingia. Mwaka 2020 watafiti wa China walionyesha chembe za maikromita 0.2 na hata 2 zikipenya kwenye mizizi ya ngano na saladi. Zilipitia nyufa zinazojitokeza pale mzizi mchanga wa pembeni unapochipuka, kisha zikapanda juu na maji. Dozi ilikuwa ya majaribio, si ya shamba lako. Sitaki ukimbie bustani yako.

BIBI SHAMBA: Na kuku, Mama. Huko Campeche, Mexico, walikwenda kwenye bustani za nyumbani ambako watu wanachoma na kufukia taka zao uani, kama tunavyofanya sisi. Plastiki ilikuwa kwenye udongo, ikawa nyingi zaidi kwenye vinyesi vya minyoo, na nyingi zaidi tena kwenye kinyesi cha kuku. Kwenye firigisi pia ilikutwa. Utafiti huo ulitoka mwaka 2017, na ni wa Huerta Lwanga yule yule wa bakteria wa minyoo.

Niliposoma utafiti wa Campeche kwa mara ya kwanza nilisimama kwenye neno firigisi, kwa sababu firigisi hailiwi na mtu asiyejua thamani yake. Kwetu hupewa mgeni au mzee wa nyumba. Mjadala huu ukibaki kwenye hadubini na nyuzi za joto tunausahau mlolongo huo mfupi: uani, mnyoo, kuku, sahani. Uzito wake haujapimwa mwilini mwa binadamu kwa kiasi cha kunipa haki ya kutisha watu. Unatosha, hata hivyo, kunizuia kuridhika na jibu la "tusubiri bakteria".

FUNDI MBOJI: Mimi nimewasikiliza nyote, na naona mnagombania mahali pasipo penyewe. Mnataka bakteria afanye kazi kwenye tuta, mahali penye mchicha, penye ubaridi wa usiku, penye ukame wa mchana. Mbona mahali pake ni kwenye lundo? Lundo langu likiwa limepangwa vizuri, mabichi kwa makavu, nachomeka nondo katikati, naiacha kidogo. Nikiichomoa siwezi kuishika. Ni nyuzi 60 au zaidi kidogo. Na plastiki nyingi inayoingia kwa Mama inapita kwangu kwanza, kwenye taka za soko. Kwa nini tusimalize kazi huku kabla haijaenda kule?

MTAFITI: Umesema jambo kubwa, kaka. Kuna utafiti wa China wa mwaka 2020 kuhusu tope la majitaka lililolundikwa kwa njia ya joto kali mno, linalopanda hadi kufikia nyuzi 90. Baada ya siku 45 chembe za plastiki zilikuwa zimepungua kwa asilimia 43.7. Bakteria wa joto kali, lundo kubwa la kiwango cha kiwanda. Na kuhusu vimeng'enya ni hivyo hivyo: kampuni ya Carbios ya Ufaransa na wenzake walionyesha mwaka huo huo wa 2020 kwamba kimeng'enya kilichoboreshwa kinaweza kuivunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10, kwenye nyuzi 72, ndani ya pipa la kiwanda. Joto ndilo linalofungua mlango.

BIBI SHAMBA: Malizia habari ya lile lundo la China, Dokta. Bakteria wale wale walipowekewa polistirini maabara kwenye nyuzi 70 kwa siku 56, walivunja asilimia ngapi?

MTAFITI: Saba na kitu.

BIBI SHAMBA: Saba. Kwenye lundo 43, maabara 7. Siwatuhumu, maana plastiki za lundo ni za aina nyingi na joto lake lilikuwa tofauti. Ila nauliza kama sehemu ya ile 43 haikusagika tu hadi ikapita kwenye matundu ya chujio.

FUNDI MBOJI: Huenda. Na lundo langu halifiki 90, nakiri. Lakini Bibi Shamba, hata bila bakteria wa ajabu, kwenye lundo kuna kitu ambacho shambani hakipo: kuna chekecheke. Plastiki ikija kwangu bado ni kubwa. Ni mfuko, ni kifuniko, ni kamba. Naiona, naitoa kwa mkono kabla ya kulundika, na nachekecha tena mbolea ikishaiva. Ikishakaa shambani kwa Mama misimu kadhaa, ikakatwa na jembe, ikapigwa na jua, hakuna chekecheke itakayoikamata. Tatizo langu ni kwamba soko linaniletea kila kitu kwenye rundo moja: maganda ya ndizi, nailoni, chupa, betri. Siku nzima natenganisha. Ningeletewa taka za chakula peke yake, ningetoa mbolea mara mbili ya ninayotoa sasa, na safi.

MKULIMA: Kumbe mimi nanunua plastiki kwa fedha yangu.

FUNDI MBOJI: Si kwangu tu, Mama. Ila ndiyo.

BIBI SHAMBA: Na usije ukasikia habari ya mkaa ukatupia magunzi pamoja na viriba vyako kwenye shimo ili "vigeuke baiocha". Nimewaona wanaofanya hivyo. Mipira ya PVC ina klorini, na ikiungua na mimea inatoa sumu za dioksini ambazo zitakaa kwenye mkaa na kurudi kwenye tuta. Magunzi, pumba za mpunga, vifuu vya nazi, mabua ya maharage: hivyo tu.

MKULIMA: Basi nielezeni, hii baiocha niitumie au nisiitumie?

BIBI SHAMBA: Itumie. Tena mimi ndiye ninayekwambia. Kwenye udongo wenye uchachu na wenye mchanga kama wako inapunguza uchachu, inashika maji, inashika mbolea isioshwe na mvua. Faida hizo zinajulikana, na wenyeji wa asili wa Amazoni waliutia udongo wao mkaa karne nyingi zilizopita na bado ni mweusi na una rutuba. Kama juu ya hayo itanasa chembe za plastiki, heri. Ninachokataa ni kukuuzia baiocha kwa jina la kusafisha plastiki. Na jirani yako mwenye udongo wa magadi usimpe, itamwongezea tatizo.

MTAFITI: Na kiriba? Na matandazo ya nailoni ambayo sasa yanauzwa kila mahali? Hapo ndipo vijidudu vyangu vinapoweza kushinda bila ubishi. Tukitumia plastiki iliyotengenezwa ili iliwe, kama ile PBAT ya Zürich, hatuhitaji kumfundisha bakteria kula asichokiweza. Ulaya wana kiwango, EN 17033 cha mwaka 2018: matandazo yanayoitwa ya kuoza sharti asilimia 90 ya kaboni yake igeuke hewa ukaa ndani ya miaka 2 kwenye udongo.

BIBI SHAMBA: Hapo umenipata, Dokta. Ila kiwango hicho kinapimwa kwenye udongo wa nyuzi 20 hadi 28 wenye unyevu. Dodoma wakati wa kiangazi kuna joto la kutosha lakini unyevu hakuna. Tupime kwetu kwanza. Na wanaouza "nailoni ya kuoza" ambayo ni polithini iliyotiwa dawa ya kuisagisha tu, hao wasiingie. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku aina hiyo kwa agizo la mwaka 2019, kwa sababu inasagika bila kuoza.

China imetufundisha somo la matandazo kwa gharama kubwa, na ingekuwa aibu kulirudia darasa lile lile. Nailoni ya matandazo iliingia huko mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka Japani. Iliongeza mavuno, ilihifadhi maji, ikafunika mamilioni ya hekta, hasa mashamba ya pamba ya Xinjiang. Ili iwe ya bei nafuu ilitengenezwa nyembamba sana, milimita 0.008 tu au pungufu, kwa hiyo mkulima alipoivuta baada ya mavuno ilichanika mikononi mwake, na nyingi ikabaki ardhini mwaka baada ya mwaka. Kiwango kipya kilichoanza kutumika mwaka 2018 kiliongeza unene hadi milimita 0.01, ili angalau iweze kuvutwa ikiwa nzima. Tofauti ni sehemu mbili kati ya elfu za milimita, na ndani yake mna hatima ya ardhi yenye ukubwa wa nchi. Sisi ambao nailoni hiyo ndiyo kwanza inatufikia tuna nafasi ambayo mkulima wa Xinjiang hakuipata.

MKULIMA: Nimesikia. Viriba nitavikusanya, nilikuwa naviacha. Baiocha nitamwomba huyu kijana anifundishe shimo. Lakini vilivyomo tayari, Dokta, kwenye tuta hili, leo?

MTAFITI: Leo, Mama, sina dawa ya polithini iliyokwisha kusagika shambani kwako. Ninayo kazi inayoendelea.

MKULIMA: Ahsante kwa kusema.

Hukumu yangu naitoa bila kuzunguka. Kumwaga bakteria shambani ili wale polithini si kazi ya kumlipisha mkulima mwaka huu wala mwaka ujao. Ni kazi ya maabara, na serikali na vyuo vyetu vinapaswa kuigharamia kwa ukarimu, hasa uchunguzi wa kuvu na bakteria wa udongo wetu wa joto na ule wa icipe kuhusu mabuu. Baiocha iende shambani kwa sababu ya udongo wenyewe. Vijidudu vipewe kazi wanayoiweza, kwenye lundo lenye joto na kwenye plastiki iliyotengenezwa ili ioze. Na Fundi Mboji ndiye aliyegusa penyewe kuliko wataalamu wote wawili: plastiki ni rahisi kuizuia ikiwa bado ni mfuko.

Kwa hiyo nawaomba madiwani na wakurugenzi wa halmashauri, kabla ya mradi mwingine wowote wa kusafisha udongo, wekeni mapipa mawili kwenye kila soko la mboga, moja la mabaki ya chakula na moja la vinginevyo, na mhakikishe hayarudishwi kwenye lori moja. Nawaomba wenye maduka ya pembejeo wapokee viriba na mipira chakavu kwa mteja anayekuja kununua vipya. Na wewe mkulima, siku atakapokuja mtu na chupa ya vijidudu akikuahidi kwamba vitamaliza plastiki shambani kwako, muulize kaboni ya plastiki hiyo imepimwa ikitoka kama hewa ukaa kiasi gani, na kwa muda gani. Akikuonyesha picha za vipande vilivyopungua ukubwa, usinunue.